Aliyeambiwa Astarehe

Siku ile sauti ya bakuli kubwa haikufifia. Ilikatika.

Mkandaji alikuwa na mabakuli saba ya Kitibeti, yale ya shaba iliyopauka ambayo ukiyagonga kwa mchi uliovikwa ngozi huimba, na kila moja alilijua kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe. Dogo lilikuwa na sauti ya kijiko kwenye glasi. La kati lilitetemesha meno. Kubwa, ukiligonga mara moja tu, liliimba hadi mteja avute pumzi ishirini na mbili, na mwisho wake haukuwa mwisho hasa, kwa kuwa ilikuwa vigumu kusema ni wakati gani sauti imekwisha na sikio limebaki linakumbuka. Siku ile liliishia pumzi ya tisa. Lilinyamaza kama linavyonyamaza bakuli lolote mtu anapoliwekea kiganja ukingoni.

Mikono ya mkandaji ilikuwa mapajani mwake. Ya mteja, mwalimu wa hesabu mwenye mabega magumu kama ubao wake, ilikuwa imelala wazi pembeni mwa godoro.

"Limekwisha?" mwalimu aliuliza, macho yamefumbwa.

"Bado. Tulia tu."

Aligonga tena. Pumzi saba. Aligusa ukingo akidhani kuna ufa, akakuta pana vuguvugu sehemu moja, upana wa kiganja.

Mwalimu alipokuwa anavaa viatu alisema kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima kikiwa kimevunjika, "Usinielewe vibaya. Lakini wiki ya tatu hii natoka hapa nimechoka kuliko nilivyoingia."

Mkandaji aliinama kukunja shuka la miguu. Neno hilohilo alikuwa analisikia nyumbani.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa hapohapo, vyumba viwili juu ya duka la ushonaji la wifi yake. Chumba kimoja cha kazi, kimoja cha kulala. Mumewe alikuwa dereva wa kreni. Siku nzima alikaa kwenye kibanda cha vioo kilichoning'inia juu ya jengo lisilokwisha, akipandisha vyuma na zege juu ya vichwa vya watu. Miezi saba nyuma mnyororo ulimkatikia, vyuma vikaanguka. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu hapo usingizi ulimhama, na mabakuli yalinunuliwa kwa ajili yake kabla hayajawa kazi ya mkewe. Mwezi wa kwanza yalifanya ajabu. Mwanamume alikuwa analala saa kumi alasiri kama taa iliyozimwa, anaamka ananyoosha mikono na kuuliza chakula. Halafu, hatua kwa hatua, mambo yaligeuka. Alikuwa anafumba macho kweli, anapumua kama mtu aliyelala kweli, ila akiamka macho yake ni mekundu na miguu haina nguvu. Mkewe alizidi kumpigia mabakuli, naye alizidi kuchoka.

Wiki ile alisinzia angani, kwa muda wa kupepesa tu, na mzigo ukapita juu ya watu waliokuwa wanakula. Msimamizi akamwambia kwamba Jumatatu atapimwa na daktari wa kazi, na akishindwa ashuke asipande tena.

"Msimamizi simwogopi," alimwambia mkewe. "Nawaogopa wale wa chini. Wananipungia mkono asubuhi, unajua? Wananiamini."

"Lala. Nitakupigia taratibu."

"Umeshanipigia taratibu. Umenipigia kwa nguvu. Mke wangu, mimi nalala lakini sipumziki. Ni kama napika, mwingine anakula."

Aliyasema bila lawama, na labda angelaumu ingekuwa rahisi zaidi kwa mkewe. Usiku mmoja wa hasira una mwisho wake, lakini uvumilivu wa mtu aliyechoka humwacha mwenzake hana pa kushika. Mkandaji aliyaosha mabakuli kwa ndimu na chumvi. Akayabadilisha mpangilio. Akafungua dirisha, akafunga dirisha. Akazishona upya kata za kitambaa zinazokaa chini ya mabakuli. Bakuli kubwa liliimba pumzi tisa, kisha saba, kisha tano, na Alhamisi alasiri mchi ulimponyoka, au aliutupa, mwenyewe hakujua, ukagonga ukuta.

"Wifi," sauti ilipanda kutoka chini, "hayo masufuria yako leo yamekukosea nini?"

"Hebu niache. Na wewe chunga pasi yako, unaunguza nguo za watu. Chumba chote kinanuka."

Cherehani ya chini ilisimama. Kisha wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke ambaye hata msibani hukosa pa kuuweka mzaha wake, alitokea mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Hakuwa anacheka.

"Pasi ipi, wifi? Umeme umekatika tangu asubuhi. Nashona kwa mguu."

Wakanusa wote wawili. Harufu ilikuwepo, ya kitambaa kilichopigwa pasi kikapitiliza, na chini yake harufu nyingine, ya shuka lililolaliwa siku nyingi na mtu mmoja.

"Inatoka kwenye godoro," wifi alisema kwa sauti ya chini.

Kesho yake, Ijumaa, mumewe alirudi, akalala chali katikati ya mabakuli kama kawaida, na mkandaji aliamua kwamba safari hii hatafumba macho. Akagonga bakuli kubwa, akahesabu pumzi moja, mbili, tatu, na katika ya nne akaona godoro la upande wa kushoto wa mumewe, ule uliokuwa mtupu, likibonyea taratibu, kwanza kwenye nyonga, kisha kwenye bega, kisha kisigino kimoja na kisigino cha pili, kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba mahali hapo ni pake na hakuna wa kumharakisha, na akaona kifua cha mumewe kikipanda na kushuka haraka kama cha mtu anayepanda ngazi na mzigo, huku pembeni yake, pale pasipo na kitu, pumzi ndefu, nzito, tamu, zikianza kuvutwa na kuachiwa, pumzi za usingizi ambao yeye alikuwa ameutengeneza kwa mikono yake kwa ajili ya mtu mwingine, hadi zikageuka kukoroma.

Hakupiga kelele. Aliona aibu, jambo lililomshangaza baadaye, kama mtu aliyemfungulia mlango mgeni akiwa hajavaa vizuri.

Wifi ndiye aliyemwita mganga. Alifika Jumamosi adhuhuri, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya na mfuko wa plastiki wa nyanya alizonunua njiani, akasimama mlangoni kwanza kuzilalamikia ngazi.

"Mngekaa chini, na majini yangewapata chini. Si lazima wote tupande." Akaketi kwenye kiti, si kwenye godoro. "Nionyeshe unavyofanya kazi. Tangu mwanzo. Usiruke kitu."

"Mteja anaingia, mzee. Analala. Namfunika miguu. Halafu nafanya hivi."

Akachukua bakuli dogo, akaligonga mara tatu, polepole, akiacha nafasi kati ya pigo moja na jingine. Kisha kwa ile sauti yake laini ya kazi akasema, "Karibu. Starehe."

Mganga alivua miwani.

"Hizo hodi ni za nani?"

"Si hodi, mzee. Namwandaa mteja."

"Mteja ameshaingia, binti yangu. Amelala, umemfunika miguu. Huwezi kumwambia karibu mtu aliyekwisha kulala. Mara tatu imegongwa, mwenye nyumba amejibu karibu, na hakuangalia nani yuko mlangoni." Alipangusa miwani kwa shati. "Umefanya hivyo kwa muda gani?"

"Miezi sita. Mara nne, mara tano kwa siku."

"Basi hakuvunja mlango. Mimi ningempata aliyevunja mlango, tungezungumza. Huyu umemkaribisha, ukamwambia astarehe, naye anastarehe. Nikimfukuza nitaonekana mimi ndiye sina adabu."

"Kwa hiyo mume wangu afanye nini? Keshokutwa anapimwa. Afe huko juu? Aue watu?" Sauti yake ilivunjika, si kwa machozi bali kwa kuchoka. "Kila ninachofanya kumsaidia ndicho kinachomnyonya. Niambie kitu cha kufanya, mzee, usinifundishe adabu."

Mganga hakukasirika. Alionekana amewahi kusikia hayo katika nyumba nyingi, na kila mara kumwona msemaji ana haki.

"Mgeni tunamfanyaje akikaa sana? Tunamsindikiza. Simama na bakuli kubwa, lizungushe mchi ukingoni lisinyamaze, ushuke nalo. Atalifuata, maana sauti yake ndilo shuka analojifunika. Mfikishe mwisho wa mtaa, mwambie safari njema, kisha nipe bakuli. Basi. Usiongeze neno la ukarimu hata moja. Sisi wote midomo yetu imezoea kuongeza."

Mumewe, aliyerudi nusu siku, aliambiwa alale chumba cha kazi bila bakuli lolote. Alilala kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubisha.

Mkandaji alilikalisha bakuli kwenye kiganja cha kushoto na kuanza kuzungusha mchi. Sauti ikaamka chini chini, ikajaa chumba, ikamtikisa mfupa wa mkono hadi begani. Akageuka, akaufuata mlango. Mganga alitangulia na mfuko wake. Kwenye ngazi ya tatu alisikia nyuma yake unyayo mtupu ukishuka ngazi ya kwanza, bila haraka, unyayo wa mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi na bado hajaamua kama akasirike, na kila alipoteremsha mguu ule nao uliteremka, na harufu ya kitambaa kilichoungua ikamjia shingoni pamoja na pumzi, pumzi zilezile ndefu, za mtu aliyeshiba usingizi wa mume wake na wa mwalimu wa hesabu na wa wote waliolipanda godoro lile wakitafuta nusu saa ya amani, naye hakugeuka, alipita mlango wa duka la wifi, akapita kinyozi, akapita wanawake wawili waliosimama kumshangaa mwanamke anayezungusha mchi kwenye bakuli mchana kweupe, mkono ukimuuma hadi akahisi utakatika, mpaka nyumba zikaisha na barabara kubwa ikaanza.

"Safari njema," alisema.

Midomo yake ilibaki wazi. Kulikuwa na maneno mawili yaliyokwisha kufika kwenye ulimi, yenyewe tu, kama anavyoyasema kwa kila anayevaa viatu mlangoni kwake. Aliuma ulimi hadi akaonja chumvi. Shingo yake ikapata baridi. Harufu ilikuwa imeondoka.

Mganga alilipokea bakuli, akamwagia nyanya zake zote ndani, akaligonga kwa ukucha. Lilitoa sauti ya gogo.

"Likijaa haliimbi," alisema, akavuka barabara nalo.

Mkandaji alirudi karibu anakimbia. Mumewe alikuwa amelala katikati ya godoro, mikono na miguu imetupwa pande zote kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba, mdomo wazi, anakoroma mkoromo wake mwenyewe, ule mbaya, wenye filimbi mwishoni. Alikaa sakafuni akausikiliza karibu saa nzima. Jumatatu angepimwa. Angepita. Kisha alishuka kumwambia wifi, kwa kuwa furaha ile ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Wifi alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Amelala, wifi. Ukimwona utalia."

"Mungu ashukuriwe. Basi mpe salamu yule mzee niliyekuitia, na yule mtu wake. Mzee alipita hapa hata kunitazama hakunitazama. Afadhali yule mwingine, ana adabu."

"Mtu wake yupi?"

"Huyo mliyekuwa mnatembea naye. Mrefu, peku, nguo zimekunjamana kama katoka kitandani. Ninyi mmeshatangulia, yeye akasimama kidogo hapo mlangoni akaniaga, kisha akawafuata."

Mkandaji alishika ukingo wa meza ya kukatia.

"Ukamwambia nini?"

"Wifi, mbona unaniangalia hivyo? Mtu akikuaga unamwambia nini? Nikamwambia karibu tena. Akashukuru. Akasema hatakawia."

Alipanda ngazi, na hakukumbuka kuzipanda. Mlango ulikuwa kama alivyouacha. Mumewe hakuwa tena katikati ya godoro. Alikuwa amelala ubavu kwenye ukingo kabisa, kajikunja, goti moja limeshagusa sakafu, uso kauelekeza ukutani, na alizungumza bila kufumbua macho, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa mara nyingi mno.

"Nimeshasogea," alisema. "Sasa unataka nilale wapi?"