Choo cha Wageni cha Skuli ya Kijichanga

Kila asubuhi Bi Mwanamwema humpikia mjukuu wake chai ya tangawizi. Mayasa, mtoto wa darasa la pili, haigusi. Akilazimishwa, huimwaga nyuma ya banda la kuku. Bibi alidhani ni maringo.

Lakini tangu skuli ifunguliwe, Mayasa ameumwa mara tatu. Akikojoa hulia, anasema anaungua. Mara ya tatu alipata homa na mgongo ukamuuma. Bibi akampeleka kituo cha afya.

Nesi Badria alipima mkojo. Kisha akamuuliza mtoto huenda chooni mara ngapi akiwa skuli.

"Siendi," alisema Mayasa. "Kimefungwa. Cha wageni."

Skuli yenyewe ni ndogo, ya Walutheri, madarasa manne tu. Wafadhili waliijengea choo cha vigae, na bomba ndani. Mwalimu Mkuu Elineema akakitia kufuli, ili wakirudi wakikute kinang'aa. Watoto walioneshwa kichaka. Wasichana wakaona haya. Wakawa wanajizuia mchana kutwa, na ili wasibanwe, hawanywi maji.

"Hapa hakuna hasidi wala shetani, Bi Mwanamwema," alisema nesi. "Mkojo ukikaa sana kibofuni, vijidudu huzaana. Vikipanda juu, huharibu figo. Anywe maji kwa wingi, aende kila akihisi, na ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Dawa azimalize zote, hata akipata nafuu."

"Anywe, kisha aende wapi?"

"Hilo kawaulize skuli."

Bi Mwanamwema akikasirika, kuku wa Kijichanga huhamia Fumba. Siku ile walihama hata waliokuwa wakiatamia.

Skulini, Mwalimu Mkuu alimwamkia kwa adabu, akampa kiti. Bibi aliitikia marahaba, hakukaa. Mwalimu akaeleza kwamba choo kikichafuka, aibu ni ya skuli nzima.

"Kwa hivyo vigae vina thamani kuliko figo za mjukuu wangu? Na wewe mwalimu, ukibanwa huenda wapi?"

"Nyumbani kwangu, bibi. Ni hapo nyuma tu."

"Haya. Nshasikia."

Kesho yake, wakati wa mapumziko, bibi na akina mama wenzake waliwaongoza watoto sitini hadi nyumbani kwa mwalimu, kila mtoto na kopo lake. Mstari uliizunguka nyumba mara mbili. Wapo wanaoapa kuwa ni mara tatu. Mke wa mwalimu alifungua mlango, akatazama, akawapisha. Alipotoka mtoto wa nane, tangi lilikuwa kavu. Mama yule akajifunga kanga, akenda ofisini kwa mumewe.

"Baba Upendo, wamebaki hamsini na wawili. Ufunguo uko wapi?"

Choo kilifunguliwa saa ileile. Wazazi na walimu wakapanga zamu za kukiosha, na sabuni ikawekwa bombani. Mayasa alimaliza dawa. Sasa hunywa maji bila hofu, na muhula mzima hakuumwa tena.

Wafadhili walirudi. Mmoja wao akaomba kwenda chooni. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Bi Mwanamwema. Alimpokea vizuri, akamsimamisha nyuma ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Karibu, mgeni," alimwambia. "Mbele yako wapo watano tu."