Nduru ya Gatitu

Waliomuua walikuwa wamemwekea zile taa kifuani, moja huku na nyingine huku. Zilikuwa spotilaiti mbili za zamani, zile za duara ambazo wenye Land Rover hufunga kwenye bampa ili waone njia za mashambani gizani. Vioo vilikuwa na nyufa. Uso wa marehemu haukuwa uso tena. Manyunyu yalimwangukia, na katika watu wote waliomzunguka hakuna aliyekuwa ameona haja ya kumfunika.

Inspekta Murugi alimwagiza Konstebo Kingori alete turubai. Kisha akawageukia watu.

Njia ile nyembamba alipolala marehemu inashuka kutoka lango la Mzee Theuri, inapita kwenye miti ya kahawa, inapinda, halafu inatokea barabara ya Gatitu. Ilikuwa Jumamosi jioni na vijana walikuwa wametoka kutazama mpira. Mawe yalikuwa kila mahali. Murugi akauliza nani aliona. Hapo ndipo ungeshangaa! Umati mzima ule, na kila mmoja alikuwa nyuma. Mmoja alifika kumeshaisha. Mwingine alikuwa anafunga kamba za kiatu. Mtu amepondwa hadharani, na waliomponda wote, ukiwauliza, walikuwa nyuma.

"Ni mwizi, Madam," mmoja akasema. "Ameiba taa za mzee."

"Umejuaje ni za mzee?"

"Si imesemwa."

Kingori alikuta kitambulisho mfukoni. Akakisoma, akakisoma tena. Jina lilikuwa Hamdan Huseni.

"Huyu namjua, Afande," akasema polepole. "Ni fundi wa umeme wa magari, wa mtaa wa Majengo. Hata gari letu la kituo yeye ndiye hulitengeneza."

Walipanda hadi kwa Mzee Theuri. Alikuwa mzee wa kanisa, mjane, mtu wa kuheshimiwa, na aliwapokea kwa heshima zake zote, akataka wapikiwe chai. Murugi akaikataa. Uani ilisimama Land Rover ya kijani, kuukuu, iliyojaa tope la miaka. Bampa ilikuwa tupu. Nyaya mbili zilining'inia, zimekatwa.

Theuri akaeleza kwamba alikuwa amelala kwa sababu kifua chake kiko na shida. Aliamka, akakuta taa hakuna, na mtu anashuka na gunia.

"Ulimtambua?"

"Mgongo wa mtu utautambua aje, Madam?"

"Nani alipiga nduru?"

Aliyejibu alikuwa msichana aliyesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono yake bado ina kijani cha majani ya nepia aliyokuwa akiwakatia ng'ombe. Huyo alikuwa Sophie, mtoto wake wa pekee.

"Ni mimi."

"Ulimwona huyo mtu?"

"Sikumwona. Nilikuwa shambani kule chini. Baba alikuja akaniambia kuna mwizi, nikimbie langoni nipige nduru, yeye kifua hakimruhusu." Akajifuta mikono kwenye rinda. "Nilisikia ni nani wakati mlikuwa mnampakia."

"Msichana amechoka," Theuri akasema. "Mwache apumzike."

Murugi alimtazama Sophie. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, na baba yake, aliyesimama kando yake, hakuwa amemgusa hata bega.

*

Asubuhi ya Jumapili Murugi alikwenda Majengo. Uani kwa Rukaya, mama yake Hamdan, turubai lilikuwa limefungwa na viti vimepangwa, lakini aliyekalia kiti alikuwa shemeji yake mmoja tu. Majirani walipita njiani wakiangalia upande mwingine.

"Mazishi ya mwizi hayana watu," Rukaya akasema. Macho yake yalikuwa makavu. "Daktari amesema atanipa mwili wake asubuhi hii. Baada ya adhuhuri namzika. Mimi sikuombi umfufue, mwanangu. Nataka uniambie nitamzika kama nani."

Murugi alimwuliza Hamdan aliondoka nyumbani na nini.

"Taa mbili mpya, ndani ya boksi zao. Kuna mzee wa Gatitu alimpigia simu, akamwambia njoo unibadilishie taa za Land Rover, halafu tuzungumze habari ya msichana wangu. Alikuwa anampenda huyo msichana, mwaka wa pili huu. Hizo taa alizinunua mwenyewe, ziwe zawadi." Rukaya alikunja leso yake. "Alipiga shati pasi mara mbili. Nikamcheka, nikamwuliza, unaenda kutengeneza gari ama kuoa? Akasema, yote mawili."

Akamshika Murugi kwenye kiwiko, akamkaza.

"Aliondoka na mpya. Nasikia amefia zile za zamani. Hizo mpya ziko wapi?"

Murugi alipofika kituoni alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha vielelezo na kuzitoa zile taa kuukuu mezani. Nyuma ya kila moja kulikuwa na mkia wa waya. Mkia ulikuwa mzima, na plagi yake mwishoni, umeviringwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

"Kingori, mwizi wa taa hufanyaje?"

"Anakata waya, Afande. Ana haraka."

"Hizi hazikukatwa. Zilichomolewa na mtu asiye na haraka, akazifunga uzi. Sasa ule waya uliokatwa kule kwenye bampa ulikatwa kutoka kwa taa gani?"

Kingori akakuna kichwa. Kisha akaona. Kila mtu mwenye gari anajua kwamba fundi akifunga kipya, kile cha zamani huachiwa yeye, akakiuze au akitoe vipuri. Hamdan alikuwa ameachiwa.

Walikuwa bado wamesimama pale Muchiri alipoingia. Huyu ana duka la chakula cha mifugo pale njia ya kwa Theuri inapokutana na barabara. Alikuja kwa miguu yake mwenyewe, hakuwa amelala, na hakutaka kuketi.

"Mimi nilirusha jiwe," akasema. "Moja. Andika."

"Nimeandika. Endelea."

"Kitu inanisumbua ni hii. Alikuwa amefika karibu na duka yangu. Barabara ndiyo hii hapa. Nduru ikapigwa huko juu, mwizi, mwizi. Huyo kijana hakukimbia, Madam. Aligeuka. Akaanza kupanda mbio na gunia yake, akirudi kule nduru inatoka. Nilidhani ni wazimu. Tukakutana naye hapo kwa kona."

"Alisema nini?"

"Alisema amepewa. Ati tuulize mzee. Nikachukua taa moja nikapanda nayo, nikauliza." Muchiri alijipangusa uso kwa kofia. "Msichana alikuwa langoni. Nikamwuliza, hii ni yenu? Akaangalia baba yake. Mzee alikuwa amesimama kando ya gari, ameshika koleo ya kukatia waya. Mzee akaitikia kwa kichwa. Msichana akasema, ni yetu. Nikarudi nikawaambia."

"Wakati huo Hamdan alikuwa hai?"

"Alikuwa ameketi chini. Alikuwa ananingoja mimi."

Murugi aliweka kalamu. Alichotaka kumwambia mtu yule hakiandikwi katika taarifa ya polisi. Akamwambia atie sahihi, kisha akamkabidhi kwa askari wa seli.

*

Walipofika Gatitu na hati ya upekuzi, mzee alikuwa kanisani. Sophie ndiye aliyewafungulia. Hakuwa amebadili nguo tangu jana.

Murugi aliingia ndani ya Land Rover kwanza. Dashibodi yote ilikuwa imepauka na kupasuka, ila kwenye kona kulikuwa na swichi mpya inayong'aa. Chini ya boneti, rilei mpya ya kuwashia taa na waya mpya vilipita katikati ya vumbi hadi kwenye bampa. Kazi safi, kila kona imefungwa tepu. Ilikuwa kazi ya mtu anayetaka kumpendeza baba wa mchumba.

Taa zenyewe Kingori alizikuta ghalani, chini ya magunia ya kahawa. Zilikuwa nyeupe, hazina hata doa. Mikia yake ilikuwa imekatwa. Murugi aliupeleka mkia mmoja kwenye waya uliobaki garini na rangi zikakutana, tepu ikakutana, kata ikakutana.

Sophie alikuwa akitazama. Akaushika mlango wa gari.

"Alikuwa hapa? Alikuja hapa nyumbani?"

"Hukujua?"

"Baba alinituma nepia tangu saa nane. Tulikuwa tuoane, Madam. Nilimwambia Baba wakati wa Pasaka. Alinyamaza tu. Nilifikiri amekubali." Akaigusa taa moja. "Niliambiwa kuna mwizi. Nikasema taa ni zetu kwa sababu zilikuwa zetu."

Mzee Theuri aliingia langoni akiwa na Biblia kwapani. Aliziona taa mpya juu ya boneti. Akamwambia Sophie aingie ndani, na Sophie, kwa mazoea ya miaka yote, akaingia.

Murugi alimtahadharisha mzee kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalolisema litaandikwa na kutumika mahakamani. Kisha akamfunga pingu, akamweka nyuma ya gari la polisi, akaketi kando yake na kuufunga mlango. Kingori aliketi mbele na karatasi.

"Ulimwita wewe."

"Nilimwita."

"Taa za zamani ulimpa wewe."

"Kwa mkono huu. Akasema asante sana, Baba." Theuri alitabasamu kidogo. "Baba! Nimemzaa mimi?"

"Ungemkataza msichana. Ungemfukuza kijana."

"Nimkataze? Yuko na miaka ishirini na sita. Ningemkataza, angeenda. Angebadilisha dini, angebadilisha jina, na mimi nisimame wapi pale kanisani? Kila mtu akinipa pole kama mtu aliyefiwa." Akageuka, akamtazama Murugi bila haya. "Ningemmaliza mimi, Sophie angenichukia mpaka kaburini. Lakini ni yeye amepiga nduru. Ni yeye amesema ni zetu. Sasa atakaa hapa nyumbani kimya. Atanilaumu na mdomo gani?"

Kalamu ya Kingori ilisimama. Murugi akamwambia aandike.

"Na kama angekimbia? Barabara ilikuwa pale pale. Angepanda gari akaenda zake."

"Hangekimbia."

"Ulijuaje?"

"Hakujua mwizi ni yeye. Akisikia Sophie analia mwizi, atafikiria nini? Kwamba msichana amevamiwa. Nilijua atarudi." Mzee alivuta pumzi, kifua kizima kabisa, hakina shida yoyote. "Nilikuwa nimewatazama wawili hao miezi mingi, Madam. Alikuwa anampenda kweli. Hiyo ndiyo ilinihakikishia."

Murugi alishuka garini, akaufunga mlango. Alipoinua macho alimwona Sophie kwenye mlango wa jikoni, kitambaa kichwani, akimwomba lifti hadi Majengo. Alitaka kumzika. Murugi alijua angepaswa kukataa. Akakubali, na akamwagiza Kingori ampeleke mzee kituoni kwanza, yeye na Sophie watafute gari jingine.

Walifika mwili ukiwa tayari umekafiniwa. Viti bado vilikuwa vitupu, lakini gari la polisi lilikuwa limepita mjini na mzee wa kanisa ndani yake, na habari zina miguu. Majirani walikuwa wameanza kujazana nje ya ua, shingo ndefu. Sophie alibaki langoni, hakuthubutu kuingia.

Murugi alimwambia Rukaya kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba mwanawe hakuiba. Alipewa taa zile kwa mkono, na aliyempa ndiye aliyemfanyia hila ya kumuua, na amekiri.

Rukaya aliitikia kwa kichwa. Haikumtosha.

"Watu watasema, kama si mwizi, kwa nini hakuitoroka ile nduru? Alikuwa na mbio tangu utotoni. Kwa nini hakukimbia?"

Jibu lake Sophie alikuwa hajalisikia. Murugi alimwona pale langoni, ameinua uso, naye anangoja jibu. Angeweza kusema hajui. Lakini ule umati nje ya ua nao ulikuwa unangoja, na bila jibu hilo wangerudi makwao na shaka yao, na Hamdan angeingia kaburini nayo.

"Hakujua kwamba ni yeye anayeitwa mwizi," akasema. "Aliijua sauti. Ilikuwa ya msichana aliyetaka kumwoa. Alidhani yuko hatarini, akageuka kwenda kumwokoa."

"Alhamdulillahi," Rukaya akasema, na kwa mara ya kwanza tangu jana akalia, akalia kwa nguvu, mikono kichwani. Wanaume waliokuwa nje wakaingia mmoja baada ya mwingine, wakavua viatu, wakajipanga kumswalia. Ghafla kila mtu alitaka kulipa bega jeneza.

Walipotoka nalo langoni iliwabidi wapite pembeni. Sophie alikuwa ameketi chini kwenye tope, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyesimama kumwinua.