Matawi Kwenye Pua ya Gari

Walipofika Muheto, mkulima mmoja aliweka jembe chini akavua kofia mpaka gari likapita. Mbele kidogo mwingine akavua. Zéphyrin alicheka kwa raha.

"Unaona, Mama Fifi? Banaheshimu gari."

Na kweli lilikuwa la kutazamwa: dogo, jipya, lakini limeundwa kwa sura ya magari ya zamani, taa mbili za duara kama macho ya bundi, mgongo wa mviringo, rangi ya maziwa juu na kijani chini, nikeli tele puani na kuzunguka madirisha. Zéphyrin alilipenda kupita kiasi, na mkewe Solange lilimuuma hilo. Asubuhi, walipokuwa wakitoka migodini Rubaya, Zéphyrin aliifunika pua kwa matawi mabichi ili mawe ya malori yasikwaruze nikeli.

Solange alimpakata mtoto wao, Fifi. Alipomwona mama mmoja akifanya ishara ya msalaba kando ya njia, alimshika mumewe bega.

"Papa Fifi, simama! Gari yenye matawi mbele iko na maiti. Banatulilia!"

"Maiti gani?" Zéphyrin alinung'unika, lakini alisimama, akayatupa matawi mtaroni, akapangusa nikeli kwa shati lake, akarudi ndani na kufunga mlango.

Gari likadidimia nyuma, kama mtu mzito ameketi. Harufu ya udongo wa shimoni ikajaa, baridi na mbichi.

"Kwa matawi mulisema munabeba maiti," sauti ilinong'ona kutoka kiti cha nyuma. "Ile maiti njo mimi. Tangu shimo inifunike, hakuna mutu alinirudisha nyumbani."

Hakuna aliyegeuka. Solange alivuta kishikio cha mlango, hakikushika kitu. Zéphyrin naye alivuta chake, bure. Kisha Solange alihisi tope likimpanda miguuni, polepole, likafika magotini, likafika kwenye kiti, zito kama lile linalowafunika wachimbaji kilima kikiporomoka, na kila alipomwinua Fifi juu zaidi tope nalo lilipanda, na mtoto akaacha kulia akabaki akitweta tu, mdomo wazi.

"Vunja vitre!" alinong'ona, akionyesha kioo cha mlango. "Mutoto anakufa!"

Zéphyrin alichomoa spana ya magurudumu chini ya kiti. Akaiinua. Akatazama kioo na nikeli yake, na mkono ukamshuka.

"Sura yote itaharibika, Mama Fifi. Ngoja kidogo..."

Solange hakungoja. Alimpokonya spana, akapasua kioo cha upande wake, akamtoa Fifi, akajipenyeza nyuma yake huku vioo vikimchana mapaja, akaangukia nyasini.

"Zéphyrin, toka! Nakuomba, toka!"

Mumewe aliegemea kwenye tundu. Alipitisha kidole juu ya nikeli iliyopinda.

"Umeikunja," alisema kwa huzuni.

Tope likaliziba tundu. Injini ikawaka yenyewe, taa za duara zikafunguka mchana kweupe, gari likaondoka taratibu kuelekea Kashebere. Mtaro ulikuwa mtupu. Matawi yalikuwa yamerudi puani, mabichi.

Kwenye kona wakulima walivua kofia, mmoja baada ya mwingine. Solange akafungua kitambaa chake cha kichwa, akamkumbatia mtoto na kulia, kwa sababu sasa matawi yalisema kweli.