Nyuma ya Koti la Anyitike

Alhamisi ile ya mwaka 1995 soko la Kyela lilifurika mchele mpya na mitumba, watu wakipigana vikumbo. Tusekile, gauni la njano na viatu vya visigino, alipanda ngazi za duka la Rukaya kwenda kwa Ahmada, wakili wa Mbeya aliyefika mjini kila Alhamisi. Juu alimkuta mumewe, Anyitike, ameketi kwenye benchi, ananukia sabuni.

"Na wewe umefuata nini hapa?"

"Ulichofuata wewe. Gauni limekukaa."

"Sikulivaa kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana linaniuma."

Ilikuwa miezi minne tangu Tusekile ahamie kwa dada yake, mtaa wa Ndandalo. Nyumba yao ya Ipyana ilikuwa na mlango mmoja, uliotazamana na wa baba mkwe, na kwa mila za Kinyakyusa mke hakutani na baba mkwe wala hasemi mbele yake. Mzee alipostaafu akaweka kiti uani, asubuhi hadi jioni. Tusekile akawa mfungwa bila kesi. Maji yakiisha mtungini, alichungulia dirishani akingoja kiti kiwe kitupu. Siku moja alimwambia mumewe, "Nimechoka na nyumba hii." Anyitike, mnunuzi wa kakao mwenye kiburi chake, akadhani yeye ndiye aliyechokwa. Akanuna, mke akafunga mizigo. Wajinga wawili wanaopendana, nani atawaamua?

"Mkiachana kwa amani, nawatosha wote wawili," Ahmada aliwaambia. "Ila sheria inataka mpite kwanza baraza la usuluhishi. Huko mimi siingii."

Jumatano iliyofuata simu ya dukani kwa Rukaya ililia. Rukaya akamwita Tusekile, ndiye aliyetakiwa.

"Kesho barazani usivae lile la njano," alisema Anyitike.

"Kwa nini?"

"Nitashindwa kusema sikutaki."

"Basi jifunze leo." Alikata simu. Rukaya akajifanya anapanga viberiti.

Alilivaa lile lile.

Barazani walikuwa wameshaketi mwenyekiti alipotangaza kwamba amemwita mzee wa familia asaidie. Mlango ulikuwa mmoja, na baba mkwe akaingia kwa huo huo. Tusekile hakufikiri. Aliteleza nyuma ya mumewe, akachuchumaa na kujifunika kitenge. Anyitike naye hakufikiri. Alivua koti, akalitandaza kwa mikono miwili, mkewe asionekane.

"Mke aseme kilichomleta," mwenyekiti aliagiza.

Wakili yuko nje, mzee yuko ndani. Tusekile alitamani kulia. Hakuwa na wa kumsemea ila yule yule aliyekuja kuachana naye. Akanong'ona mgongoni pake.

"Anasema," Anyitike alianza, "amechoka kujifungia. Anakaa na kiu mchana kutwa, akingoja kiti cha uani kiwe kitupu." Alilipandisha koti lililoanza kushuka. "Anasema alichoka na nyumba. Mimi hakunichoka."

"Endelea."

"Anasema bado ananipenda, na kwamba mimi ni mpumbavu."

"Mpumbavu sijasema," ulisikika mnong'ono nyuma ya koti.

"Hilo nimeongeza mimi."

Mzee aliinamisha macho. Kisha akainuka.

"Mwenyekiti, mwambie mwanangu atafute chumba mjini. Mimi natoka, mwenzake apate kupita."

Hatua zake zilipotea uani.

"Ameondoka," Anyitike alisema.

"Najua."

"Mbona hutoki?"

Paji la uso la Tusekile lilikuwa limeegemea mgongo wa mumewe, na koti lilikuwa bado juu.

Nje, Ahmada aliwanyooshea karatasi yao ya kuomba talaka, bado haina sahihi. Tusekile aliichukua, akaikunja, akaitia mkobani.

"Kwani bado unaitaka?" Anyitike aliuliza taratibu.

"Wakili huja kila Alhamisi, mpenzi, na njia ya kwake naijua. Katafute chumba."

"Ndaga, asante, mke wangu. Chumba cha namna gani?"

"Chenye milango miwili."