Begi Alilolipanga Musimbi

Kitendawili. Mbona hujibu? Sema tega. Haya basi: nimemlisha mpaka akashiba, yeye katulia tuli, mimi ndiye ninayelemewa. Fikiri. Si mtoto, mtoto akikuchosha unamshusha akatembea. Umeshindwa? Nipe mji. Nairobi nzima ni kubwa, sitaimaliza, nipe Kawangware peke yake. Ahsante. Nimekwenda Kawangware, nimekunywa chai ya tangawizi na mandazi mawili, nimezunguka soko la mitumba hadi miguu ikavimba, na huyo niliyekutega nimemkuta ananing'inia kwenye msumari. Ni begi la mgongoni. Chini ya begi alikuwa msichana anayeliuza, na mbele ya msichana alikuwa kijana. Sasa tulia.

Msichana aliitwa Musimbi. Alikuwa anakaa Gatwekera, kule Kibera, na kila asubuhi alitembea hadi Kawangware kuuza mabegi. Siku hiyo alivaa blauzi ya njano na sketi ya jinzi iliyopauka, kichwani kilemba cha kitenge, na shingoni futi ya fundi kama daktari na kipimo chake. Kijana alikuwa Boaz Lusweti, mtu wa mjengo, viatu vyeupe kwa simiti, kofia ya plastiki ameifunga kiunoni. Alikuwa anapita tu, akaona begi la kijani, miguu ikakataa kuendelea.

"Niaje, mrembo. Nishushie hiyo ya kijani."

"Poa. Unataka kubeba nini?"

"Mlima."

Musimbi akamwangalia kutoka kofia mpaka viatu. "Mlima haubebwi, kaka. Unapandwa."

"Basi nataka kupanda nikiwa nimebeba."

Akaeleza kwamba kule Naro Moru kuna mzee mmoja, Muiruri, msimamizi wa wapagazi wanaobebea wageni mizigo Mlima Kenya. Muiruri alikuwa amekubali kumjaribu. Akifaulu atapata kazi msimu mzima, atoke kwenye kubeba mawe ya watu wengine wanaojenga nyumba ambazo hataingia. Lakini aje na begi lake, na lisiwe la shule.

Musimbi alikataa kumuuzia la kijani. Alisema lile ni la mtu mrefu, litamgonga makalio mpaka aombe msamaha. Akavua futi shingoni, akamgeuza, akampima mgongo kuanzia ule mfupa unaojitokeza chini ya shingo hadi juu ya nyonga. Wayua, mama wa Kikamba anayeuza viatu meza ya pili, akauliza kama ni suti ya harusi inapimwa. Musimbi hakumjibu. Alishusha begi la kijivu lenye mshipi mpana wa kiunoni, akavuta kila zipu mara tatu, akaingiza mikono kwenye kila mfuko. Kisha akaazima gambuti za Wayua jozi mbili, akazitia ndani pamoja na jiwe la kushikilia turubai, akamwambia Lusweti atembee hadi kwenye bucha na kurudi.

"Mabega yanasemaje?"

"Yanalia."

"Kwa sababu mshipi umeufunga tumboni. Shusha, ukalie mfupa. Mzigo unabebwa na nyonga, bega ni la kushikilia tu."

Akashusha, akaenda tena, akarudi anatabasamu.

"Na sasa?"

"Sasa mabega yamenyamaza. Ni roho ndiyo imeanza kuongea."

"Iambie hapa ni kazini," akasema Musimbi, lakini namba ya simu aliitoa.

Roho haikunyamaza. Lusweti alikuwa amepanga chumba Soweto West, hukohuko Kibera, si mbali na Gatwekera, kwa hiyo jioni akawa anamsubiri warudi pamoja, mguu kwa mguu, huku wakigombana juu ya nani anatembea haraka. Mchana alimpigia simu kutoka juu ya jengo, anamwambia kuwa kutoka ghorofa ya saba ameiona ile blauzi ya njano. Alikuwa anadanganya, na Musimbi alijua, na alipenda.

Jumapili walipanga begi. Muiruri alikuwa amemfundisha Lusweti utaratibu kwa simu, na Lusweti akamfundisha Musimbi. Blanketi la kulalia chini kabisa, maana hulihitaji mpaka ufike kambini. Vizito katikati, vikumbatie mgongo. Jaketi la mvua juu ya vyote, kwa sababu mvua ya mlimani haikupi muda wa kutafuta. Tochi kwenye mfuko wa kifuniko, maji ubavuni. Wakaugeuza utaratibu huo kuwa mchezo. Mmoja anafumba macho, mwenzake anataja kitu, mkono uende palepale bila kupapasa. Lusweti alikosea mara kwa mara, akitafuta tochi anatoa soksi. Musimbi hakukosea hata mara moja.

"Bebi, wewe ndiye ungebeba mzigo," akamwambia. "Mimi nibaki niuze mabegi."

"Utauza nini wewe? Mteja akikuchekea tu, unampa bure."

Wakacheka. Ndipo Lusweti akasema, kama mtu anayesema leo kuna jua, kwamba akifaulu atahamia Naro Moru. Wapagazi hukaa karibu na mlima. Atakuwa anashuka Nairobi msimu ukiisha.

Musimbi aliendelea kukunja sweta. Baba yake alikwenda kufanya kazi Mombasa wakati yeye yuko darasa la pili. Kila mwaka alituma salamu kwamba atarudi Krismasi, na kila Krismasi mama alipika kuku, akamwekea sahani yake, mwishowe akampa jirani. Musimbi hakumwambia Lusweti hayo. Alimwambia tu, "Sawa. Siku ya kwenda nitakupangia mimi, wewe utakuwa umechoka."

Na siku ikafika. Lusweti alitoka kwenye mjengo mchana, mgongo unamuuma, akalikuta begi limefungwa, limesimama mezani kwa Musimbi kama bwana harusi. Akalinyanyua, akalisifu. Hakulifungua. Nani anafungua begi lililopangwa na mpenzi wake?

Mvua ilimkuta mlimani, juu ya msitu wa mianzi, ikageuka barafu ndogondogo. Wenzake walisimama, wakafungua vifuniko, kufumba na kufumbua kila mtu yuko ndani ya jaketi. Lusweti akaingiza mkono juu. Akashika chapati. Akaingiza tena, akashika shati jipya la bluu alilonunuliwa na Musimbi, limekunjwa vizuri kama la dukani. Jaketi hakuna. Ikabidi amwage kila kitu kwenye tope, sweta, soksi, unga, na jaketi akalikuta chini ya blanketi, mwisho kabisa. Alipolivaa, nguo zote za kubadilisha zilikuwa zimelowa. Vidole vilikataa kufunga zipu ya begi, akaivuta kwa meno, ikakatika. Kufika kambini midomo ilikuwa ya kijivu na maneno hayatoki sawasawa.

Muiruri hakumgombeza. Alimpa chai, akamfunika, na asubuhi akamwambia ashuke. Mtu asiyejua jaketi lake liko wapi, alisema, hawezi kukabidhiwa la mwenzake.

Lusweti alirudi na kikohozi cha wiki mbili. Alipopata nguvu alikwenda Kawangware akasimulia, na Wayua akacheka mpaka akakaa chini. Alisema hiyo ni akili ya kamera tu. Sokoni, belo la mitumba likifunguliwa, zile nguo safi za kuchaguliwa kwanza huitwa kamera, nazo hupangwa juu ili mteja azione. Mwuza mitumba humwezi, hata ukimwambia apange jeneza ataweka shati zuri juu. Watu wa meza za jirani wakacheka. Lusweti pia akacheka, akakohoa. Musimbi alikuwa anafunga kamba ya begi, akaifungua, akaifunga tena.

Lakini Lusweti alipolala chumbani kwake Soweto West, mvua ikipiga mabati, alikumbuka ule mchezo. Alikumbuka mkono wa Musimbi, macho yamefumbwa, ukienda moja kwa moja. Kesho yake mchana akapiga simu.

"Umeamkaje, mpenzi? Kifua?"

"Kifua kiko sawa. Musimbi, nikuulize kitu. Siku ile ulichanganya, ama ulijua?"

Akasikia soko. Akasikia mtu anatangaza viatu, mwingine anaita mteja.

"Musimbi?"

"Niko na mteja," akasema, akakata.

Hakuwa na mteja.

Hakupiga tena, wala Lusweti hakupiga. Jioni Musimbi alianza kupita njia nyingine, ya mbali, ili wasikutane. Wayua alimwuliza kama wamekosana, akajibiwa kwamba watu wana shughuli. Musimbi alipungua mpaka futi ikawa inamteleza shingoni. Mtu akikudhania vibaya una pa kulilia. Akikudhania vizuri na wewe unajua ulichofanya, hapo ndipo usingizi unahama nyumba.

Siku kumi zikapita, na Wayua akaja na habari. Lusweti amepita kununua soksi, Musimbi akiwa bado hajafika sokoni. Mpagazi mmoja wa Muiruri ameumia goti, Muiruri amempigia, anamtaka Ijumaa. Ila begi zipu imekufa, na amesema atalifunga kwa kamba.

Ijumaa asubuhi Musimbi hakwenda Kawangware. Alikwenda Soweto West na zipu mpya, sindano na uzi wa nailoni. Alimkuta Lusweti mlangoni, amevaa lile shati la bluu, vitu vyake vyote viko juu ya kitanda.

"Nimekuja kushona zipu."

"Ingia."

Alishona ameinama, Lusweti akamtengenezea chai, mpaka uzi ukakatwa. Kisha Lusweti akasukuma vitu vilivyokuwa kitandani vikamfikia.

"Nipangie."

"Mimi?"

"Wewe. Na Musimbi, sikia. Ile simu tuiache. Mama Wayua alisema ni akili ya kamera, na hata mimi nimemwambia Muiruri hivyohivyo. Alicheka. Nimeshasamehe. Nikitoka huko nitampigia mjomba wangu, Bungoma, twende kwenu na wazee, kama utakubali. Mambo ya zamani yafe."

Mlango ulikuwa wazi. Nje mama mmoja alikuwa anaanika nguo, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya pua. Musimbi angesema ndiyo, na angeipata ndoa yake, na hakuna mtu duniani angejua alichofanya.

Akaanza kupanga. Blanketi chini. Sufuria na unga katikati, karibu na mgongo. Sweta, soksi. Tochi kwenye kifuniko. Alilichukua jaketi la mvua, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya vyote, akaijaribu zipu mpya mpaka mwisho, akaifungua tena. Akamshika mkono Lusweti, akamfumba macho kwa kiganja chake, akauingiza mkono ule begini.

"Umelishika?"

"Nimelishika."

Hakuondoa kiganja machoni pake. Labda hakutaka kutazamwa.

"Sikuchanganya, Boaz," akasema. "Nilijua. Nililiweka chini ili unyeshewe, urudi kwangu."