Wajina Wangu Alivuka Mpaka na Nywele Nilizomsuka Mimi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, msusi, mkaazi wa Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Nina saluni ndogo yenye viti viwili na kioo kimoja. Msinionee huruma kabla hamjamaliza kusoma. Mkifika mwisho huenda mkanichukia, nami nitawaelewa.

Jina langu ni Nyambura. Nimeolewa miaka kumi na moja na mtoto sina. Nimemeza dawa za kila rangi, nimeombewa mpaka magoti yakaota sugu... wapi! Mume wangu, Mwaura, alikuwa dereva wa kampuni fulani Dubai na alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Daktari alituambia kwamba mwezi mmoja wa likizo haututoshi. Basi tukaamua kwamba mwaka 2008 nitamfuata mimi, nikae naye miezi mitatu tujaribu kwa utulivu. Hiyo haikuwa likizo ya kutalii. Kwangu ilikuwa nafasi ya mwisho.

Januari mwaka huo, fujo za baada ya uchaguzi zilipochacha, binamu yangu alinijia kutoka Molo na nguo alizovaa tu. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Huyu ni binti wa ndugu wa baba yangu, na sote wawili tulipewa jina la nyanya yetu, kama ilivyo desturi kwetu. Kwa hivyo naye ni Nyambura. Tangu utotoni tunaitana wajina. Tulifanana pia, hata pengo la meno ni moja! Watu walidhani ni pacha. Yeye ana miaka ishirini na tisa, na mimi, nashukuru Mungu, sionekani umri wangu.

Nilimpokea kwa mikono miwili. Mwaura alikuwa likizoni wakati huo, na barabara zilipofungwa akakwama nyumbani mpaka Machi. Tulikuwa watatu kwenye nyumba ya vyumba viwili, nami nilishinda saluni kutwa. Je, nilishuku kitu? Hata kidogo! Niliona fahari jinsi walivyosikizana.

Mwaura aliporudi kazini nilianza kutafuta makaratasi. Nilijaza fomu za pasipoti, nikapiga picha nikiwa nimesuka mistari ya kurudi nyuma. Nilitafuta nakala ya cheti cha ndoa, maana Mwaura alisema huko mke bila cheti hatambuliwi. Vyote nikaviweka kwenye bahasha moja ya kaki. Nikaenda mjini Nakuru kwa ofisi ya bima, nikatiwe bima ya afya ya msafiri nisije nikaugua ugenini, na kadi yake nikaitia kwenye bahasha ile ile.

Swali moja kwenye ile fomu liliuliza kama nina mimba. Niliandika HAPANA kwa herufi kubwa, nikaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Yule dada wa bima akaniambia, "Pole, madam, ni swali la kawaida tu."

Siku ya kuchukua pasipoti Nairobi, nilikuwa kitandani na taifodi. Sasa sikizeni ujinga wangu! Nilimpa wajina kitambulisho changu na bahasha nzima. Nikamwambia, "Enda wewe. Wakiuliza jina, si ni lile lile?" Nikamkaririsha tarehe yangu ya kuzaliwa, jina la baba yangu, hata sahihi yangu akaifanyia mazoezi nyuma ya gazeti. Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nilimfundisha mwenyewe kuwa mimi!

Alirudi akasema, "Bado, wajina. Wamesema nirudi wiki ijayo." Na wiki iliyofuata, ikawa bado. Bahasha alikaa nayo ili asinisumbue.

Mapema Julai aliniomba nimsuke. Alitaka mistari ya kurudi nyuma, ile ile ya kwenye picha yangu. Nilimsuka kutoka asubuhi hadi saa tisa kwa uzi mzuri, bila malipo. Alikuwa amenenepa, anavaa masweta mapana, nikamtania kwamba Lanet imemkubali. Akanikumbatia, akasema amepata kazi ya nyumba Nairobi, na pasipoti yangu ataifuatia huko huko. Wiki hiyo hiyo Mwaura akanipigia kwamba kazi imemzidi, safari yangu tuiahirishe, nisubiri. Nikasubiri...

Mapema Septemba, nikiwa na mteja chini ya mashine ya kukausha nywele, simu ililia. Ni yule dada wa bima.

"Madam, pole sana. Hospitali ya Dubai inatuandikia kwamba umejifungua kabla ya wakati. Sasa hapa kwa fomu uliandika hauna mimba, na hii bima hailipi uzazi. Niongee na nani huko?"

"Huko wapi? Mimi niko Lanet. Nasuka."

Akasema atanipigia tena saa kumi athibitishe, maana hilo jambo lazima aijibu hospitali.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikajitazama kwenye kioo. Mambo yote yalinijia kwa mpigo... sweta, mistari, bahasha. Machozi hayakutoka. Nilihisi baridi tu.

Kabla ya saa kumi Mwaura akapiga, akilia kama mtoto. "Nyambura, nakuomba. Wakipiga tena, sema ni wewe uko huku. Cheti cha ndoa ni chako. Wakijua si wewe, wajina wako anafungwa. Mtoto ako kwa mashine, ni mdogo sana."

Niliuliza, "Ni nini?"

"Msichana."

"Na mmemwita nani?"

Akataja jina la mama yake.

Wasomaji, kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa mume. Jina hilo nililingoja miaka kumi na moja! Nililitia kwenye maombi, nikalidarizi kwenye kitambaa kidogo ambacho bado kiko kabatini. Walikuwa wamechukua mume, pasipoti, nywele... na hata hilo hawakuniachia?

Nikakata simu. Saa kumi ilipofika nilikuwa nimeishikilia mkononi, nikiingoja kwa hamu. Ndiyo, kwa hamu! Nikamwambia yule dada kwa sauti safi, "Nyambura wa hiyo pasipoti ni mimi. Huyo mwingine ni mwizi. Waambie hivyo."

Wakaambiwa. Wajina akatolewa kitandani akapelekwa kwa polisi. Mwaura, shujaa wangu, alipoona hivyo akatoroka, na mpaka leo sijui aliko. Mtoto alibaki peke yake kwenye mashine. Aliishi siku tisa, bila mtu wake hata mmoja wa kumshika kidole. Ningesema "ndiyo, ni mimi," je, angepona? Madaktari wanajua. Mimi najua tu kwamba angekuwa na mama yake.

Novemba wajina alirudishwa nchini. Alisimama mlangoni pa saluni, amekonda, kichwani ana mistari yangu ile ile, imeshikana kama mkeka wa zamani. Hakuomba msamaha. Alisema tu, "Wajina, nifumue."

Nilimketisha. Nikamfumua kwa saa nne, na sitawaficha, sikuwa mpole na kitana. Hakulalamika hata mara moja. Alisema afisa wa uwanja wa ndege alitazama picha, akamtazama yeye, akamwambia amependeza na nywele zake. Nilipomaliza nikazifagia zile nyuzi. Nikamwambia asiniite wajina tena, nikamfungulia mlango.

Ndugu zangu, mkijiandaa kusafiri, makaratasi yenu shikeni wenyewe. Mgonjwa aahirishe, asimtume mtu. Msimfundishe yeyote sahihi yenu kwa mzaha, hata awe wa damu moja na jina moja. Na likiwafika kama langu, kabla hamjajibu simu kwa hasira, ulizeni kwanza ni nani atakayeumia. Mimi nililenga watu wazima wawili nikampiga asiyejua kitu.

Juzi nilipata barua posta, kwa sanduku nililoandika kwenye ile fomu ya bima. Ni nakala ya cheti cha kifo kutoka hospitali. Pale juu kuna jina la mama mkwe wangu. Chini yake, mahali pa jina la mama wa mtoto, hakuna aliyesahihisha. Wameandika langu.