Gurami wa Dhahabu na Vyungu vya Bombo

Asubuhi mjini Same huanza na sauti ya mafagio. Koleta huwatangulia majirani zake wote. Hufagia uwanja mpaka ibaki mistari ya fagio tu. Jani likianguka, huliokota kabla halijatulia. Mumewe, Loth, humtania kwamba hata kuku wa pale kwao hutembea kwa adabu.

Sebuleni kwao kuna tangi la kioo la samaki. Loth ni fundi wa mitambo katika shamba la mkonge. Bosi wake mmoja alipohama, alimwachia tangi hilo pamoja na samaki wake. Majirani walicheka. Maji yenyewe Same ni ya kusubiri, na hawa wanafuga samaki wasioliwa. Lakini waliocheka walikuja kuangalia, na wengine walisahau kuondoka.

Mle tangini kuna samaki wadogo wadogo wanaotembea kwa kundi. Kuna pia gurami wawili, wakubwa kuliko wenzao. Mmoja ni wa bluu, mwingine ni wa dhahabu. Kila mmoja ana nyuzi mbili ndefu chini ya kifua. Huzitumia kupapasa, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Anayewapenda kuliko wote ni Mama Rogathe, mama yake Loth. Aliletwa kutoka Bombo, kule mlimani, baada ya kufiwa na mumewe. Alikuja na mfuko wa maharage na vyungu vyake viwili vya udongo. Kimoja kilipasuka ndani ya basi. Koleta alivipokea kwa heshima, akavipeleka stoo.

Koleta anampenda sana mama mkwe wake. "Mama, kaa upumzike," humwambia. Mama akishika fagio, Koleta hulipokea. Mama akisogelea jiko, Koleta humvutia kiti. Basi Mama hukaa mbele ya tangi. Mchana jua likipenya dirishani, mwanga wa maji hucheza ukutani. Mama huona ukungu wa Bombo ukishuka juu ya migomba. Huona ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, likijaa taratibu likingoja kufunguliwa. Pampu ya hewa inanong'ona, na macho yake yanafumba. Hapo anakuwa hayuko Same wala hayuko Bombo.

Siku moja Koleta aliona tangi limechafuka. Mimea ya majini ilikuwa imetawanyika kila upande. Akaing'oa yote. Akatoa mawe na kigogo. Kwenye kona moja, povu lilikuwa limekaa juu ya maji. Akalichota kwa kijiko. Tangi likang'aa kama uwanja wake, naye akaridhika.

Tangu hapo amani ikatoweka. Gurami wa bluu alianza kumfukuza wa dhahabu. Alimfuata huku na huku, akimgonga na kumng'ata. Mapezi ya yule wa dhahabu yakachanika. Akawa anajibana nyuma ya bomba la hewa. Hakula. Povu lilirudi, na Koleta akalichota tena.

Mama Rogathe aliacha kusinzia. Jioni moja alimwita mwanawe.

"Loth, huyu wa dhahabu akifa, nipeleke Bombo."

"Mama, Bombo utakaa na nani?"

"Na nyumba yangu. Hapa siwezi kukaa nikiangalia hivi."

Ombi hilo lilimtisha Loth. Mama yake aliwahi kuanguka kule akiwa peke yake, na majirani walimkuta jua likiwa limeshapanda. Koleta aliyasikia maneno hayo akiwa jikoni. Alilia kimyakimya huku akikoroga mboga. Hakutaka Mama aondoke.

Asubuhi alimwita Lukia, jirani yake. Kabla ya kuolewa Same, Lukia aliuza samaki wa mapambo huko Moshi.

"Shikamoo, Mama," Lukia alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Hebu mtazame mgonjwa wangu."

Lukia alichuchumaa mbele ya tangi. Aliwatazama gurami mmoja mmoja.

"Hawa wote ni madume," alisema. "Oneni pezi la mgongoni. Ni refu, limechongoka. La jike ni fupi, la mviringo."

"Sasa huyu anamchukia mwenzake kwa nini?" Koleta aliuliza.

"Hamchukii. Anatetea mahali pake. Gurami dume hujenga kiota cha povu juu ya maji. Halafu hulinda eneo lote lililo karibu nacho. Hamjaona povu?"

Koleta alitazama vidole vyake. "Nilidhani ni uchafu. Nimekuwa nikilichota."

"Na mimea je?"

"Niliing'oa. Palikuwa kama kichaka."

Lukia alicheka kidogo. "Shoga yangu, umewafagilia uwanja. Samaki hawa kwao ni kichaka. Sasa wa bluu kila akigeuka anamwona mwenzake, naye huyu mnyonge hana hata pa kujificha."

Mama Rogathe alisogeza kiti chake. "Ana chakula," alisema polepole. "Ana maji safi. Ila hana pake."

Koleta alimtazama mama mkwe wake. Maneno yale yalimchoma.

"Leteni beseni ambalo halijawahi kutiwa sabuni," Lukia alisema. Alichota maji ya tangini akayatia ndani, akambeba gurami wa bluu kwa wavu mdogo. "Huyu atakaa nje siku chache ili mwenzake apone. Funikeni kwa chandarua asiruke. Msijaze beseni, wala msizibe hewa. Gurami huja juu kuvuta pumzi."

Kisha walipanga tangi upya. Lukia alileta mimea kutoka kwake. Mingine waliipanda katikati, ikawa kama ukuta. Mingine waliiacha ielee.

"Nataka na kitu cha kujifichia," Lukia alisema. "Kigae hivi, au chungu kibovu."

Mama Rogathe alinyanyuka kabla Koleta hajamzuia. Alikwenda stoo mwenyewe, akarudi na vipande vya chungu kilichopasuka. Alivisugua kwa maji matupu, akavimwagia maji ya moto. Vilipopoa, alivilaza tangini kwa mkono wake, kimoja kila upande.

"Badilisheni maji kidogo kila wiki, msimwage yote," Lukia aliendelea. "Maji ya bomba yaacheni wazi kwenye ndoo kwanza, dawa yake itoke. Chakula tieni pande zote mbili, wa bluu asimzuie mwenzake kula. Na povu liacheni."

"Wakigombana tena?" Koleta aliuliza.

"Wa bluu atahamia kwangu. Madume wawili si kila tangi huwatosha. Ila lenu ni refu, tujaribu."

Gurami wa dhahabu alizunguka mimea kwa tahadhari. Akaingia chini ya kigae, akatulia. Siku zilivyopita alianza kula, na mapezi yake yakaanza kuota. Ndipo wakamrudisha wa bluu. Alikuta kila kitu kimebadilika. Alimfukuza mwenzake mara moja hadi kwenye ukuta wa majani. Pale hakumwona tena. Akageuka, akarudi upande wake, akaanza kujenga povu.

Mama Rogathe alitabasamu kwa muda mrefu.

Koleta alitoka nje. Alikwenda stoo akakitoa chungu kile kizima. Alitafuta mawe matatu, akayapanga nyuma ya nyumba, penye kivuli. Akaleta kuni, mahindi na ule mfuko wa maharage.

"Mama, njoo uone," aliita. "Hapa ni pako. Sitapagusa."

Mama aliyatazama mawe. "Hata majivu hutayafagia?"

"Hata majivu, Mama."

Jioni Loth alirudi kutoka kazini. Harufu ya makande ilimpokea barabarani, ikamrudisha Bombo alipokuwa mtoto. Alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda, moshi mwembamba ukipanda taratibu, na Koleta pembeni akimenya vitunguu kama alivyoagizwa.

"Mama, ulisema nikupeleke Bombo," alisema kwa woga.

"Kwenda kufanya nini?" Mama alijibu. "Kalete sahani."

Asubuhi Koleta alifagia uwanja kama kawaida. Alipofika nyuma ya nyumba aliona majivu, maganda ya vitunguu na majani makavu kuzunguka mawe matatu. Mikono yake ilimwasha. Akaligeuza fagio, akarudi mbele.